Bi Nesi na Picha za Kutisha

Bi Nesi hakuwa akitazama picha ya kutisha kama watu wengine. Wengine hujifunika uso kwa kanga, wakachungulia penye pindo. Yeye alivaa miwani yake yenye kamba, akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na televisheni, akaweka mikono juu ya magoti na kutazama kama anayesubiri mgonjwa aeleze anaumwa wapi. Damu ikiruka ukutani, alitikisa kichwa.

"Hiyo si damu," alisema. "Damu inayoua hairuki hivyo. Inashuka kimya kimya, inaingia godoroni, na mtu mwenyewe anakwambia anasikia baridi. Hawa wanaoigiza wamemwona nani akifa?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya sekondari, na maiti niliowaona walikuwa wawili watatu, tena wamekwisha kuvishwa sanda. Yeye alikuwa nesi na mkunga kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alifanya kazi vituo vya mashamba na vya pwani, kisha akahamia Chake Chake, na alipostaafu akabaki hapo mtaani kwetu, nyumba mbili kutoka yetu. Kwao hasa ni wapi sikuwahi kumuuliza. Hakuna mtu mtaani aliyemwita kwa jina. Hata sheha, kiongozi wa mtaa, akimtafuta alisema Bi Nesi.

Tulianza kutazama picha pamoja kwa sababu ya mguu wa mama. Mama yangu alikuwa na kisukari, akapata kidonda kisichofunga, na Bi Nesi akaja kila siku kumsafisha, bila ya kuombwa, mpaka mama alipofariki. Mikono yake ilikuwa laini, lakini maneno yake hayakuwa laini. "Bibi wee, ukitia tena sukari kwenye chai, mguu huu tutaukata," alimwambia mama, huku akifunga bendeji kana kwamba anamvisha mtoto mchanga. Siku moja mimi nilikuwa pembeni na kompyuta yangu, natazama picha. Nikasikia sauti mgongoni kwangu: "Huyo keshakufa zamani. Wanamsukuma kifua ya nini?"

Baada ya matanga aliniita kwake. Ikawa kila Ijumaa baada ya alasiri nampelekea flashi yenye picha tatu nne, naye anachagua. Kwanza alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akagusa bakuli la njugu. Picha ikianza mazungumzo yalikuwa marufuku, lakini hayo yalikuwa masharti yangu mimi, si yake. Yeye alizungumza mwanzo mpaka mwisho, au niseme mpaka karibu na mwisho, kwa sababu mwisho hatukuuona hata mara moja. Dakika kumi zikibaki alinyanyuka, akazima, akaifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma. "Basi, yanatosha," alisema. Nilikuwa nakwenda kuimalizia nyumbani. Hakuniuliza hata siku moja iliishaje.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Viatu vyake vilikaa mlangoni vimeelekea nje, na pembeni yake mkoba wenye glovu, wembe mpya na uzi, ingawa kazi alikwisha kuiacha. Mtu akipiga hodi, alikuwa amekwisha kusimama kabla hodi yenyewe haijaisha. Hata kama ni mpita njia anauliza nyumba ya fundi cherehani. Watu wa mtaa walimsifu kwa hilo. Walisema ule ndio wito.

Majini wa kwenye picha walimchekesha. Alisema jini anayegonga mlango ana adabu kuliko wakaguzi wa wizara. Lakini kulikuwa na picha moja iliyomkera kweli. Walioitengeneza walisema mambo yake yametokea Pemba. Kila bibi mzee ndani yake alikuwa mchawi, na mganga alizungumza kama mtu wa bara aliyekabwa koo.

"Pemba gani hii haina mkarafuu hata mmoja?" aliuliza. "Lakini nnajua kwa nini wanapenda kutuweka wachawi. Na sisi wenyewe tunapenda. Ukishasema mtu karogwa, hapana anayeuliza nesi alikuwa wapi."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na kwamba yeye alichukua njugu moja akaimenya bila ya kuila.

Vitabu alivipenda, na picha zilizotolewa vitabuni alizichukia karibu zote. Kulikuwa na riwaya moja iliyosomeshwa skuli yetu miaka kadhaa, ya mchimba visima aliyemwacha mwenzake chini akaenda kunywa kahawa, kisima kikabomoka. Kitabuni mtu yule anaishi kijiji kimoja na mjane wa mwenzake, anamchotea maji, anamtengenezea paa, na hamwambii kitu. Mwandishi anamwacha hapo hapo. Bi Nesi aliisoma mara tatu kwa nakala yangu, mpaka jalada likaachia. Ilipotengenezwa picha yake, niliitafuta kwa hamu nikampelekea.

Hakuipenda tangu dakika ya kwanza. Mchimba kisima alikuwa mzuri mno wa sura, na kucha zake safi. Shangazi mmoja mkorofi, ambaye Bi Nesi alimpenda kuliko watu wote wa kitabu kile, hakuwamo kabisa. Halafu ikafika sehemu waliyoiongeza wenyewe: mvua inanyesha, mchimba kisima anapiga magoti, mjane anamwinua, wanalia pamoja, muziki unapanda. Safari hii hakungoja dakika kumi za mwisho. Alichomoa waya ukutani.

"Nani kawapa ruhusa ya kumsamehe?" aliuliza.

"Bi Nesi, ni picha tu."

"Mwenye kitabu hakumsamehe. Mjane hajaambiwa hata hilo la kusamehe lenyewe. Hawa wametoka mjini na mpira wao wa kumwagia maji, wakamsamehe kwa niaba ya watu." Waya ulikuwa bado mkononi mwake. Nilimwambia akae, nikamletea maji, na nikasema moyoni kwamba anazeeka.

Picha alizoziamini zilikuwa za makala, zile za watu wa kweli na mambo ya kweli. Tulitazama moja ya mchwa, mpaka nikajua habari za mchwa kuliko ninavyotaka. Nyingine ilikuwa ya madaktari wa upasuaji katika nchi ya vita, na hiyo tuliitazama Ijumaa mbili. Mbele ya picha hizo alikuwa mtu mwingine, anatulia, anaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja katika ile ya vita alisema kwamba alikimbia akawaacha watoto wa ndugu yake, akasema hivyo hivyo, anatazama kamera. Bi Nesi akavua miwani.

"Huyu kasema," aliniambia. "Na neno lishakaa hapo. Hawezi tena kulirudisha."

Kwa hiyo walipokuja watu wa makala Chake, nilijua nani wa kuwapelekea. Walikuwa watatu. Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo kutoka nje, mpole, ana daftari lililojaa maandishi madogo. Walitaka habari za wanawake wa visiwa vidogo wanaovushwa kwa vyombo vya baharini kwenda kujifungua, na walihitaji mtu wa kutafsiri. Niliajiriwa mimi. Siku ile ile niliwaambia kwamba jirani yangu ndiye nesi bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilimsifu sana. Niliwasimulia mguu wa mama, viatu vilivyoelekea nje, mkoba na uzi wake. Mwongozaji aliandika yote.

Nilidhani Bi Nesi atakataa. Aliniuliza swali moja tu: "Ni picha ya kweli? Hawaigizi?"

"Hawaigizi."

"Basi waje."

Walikuja asubuhi, wakamweka uani kwake, kwenye kiti, mgongo wake umeelekea kamba ya nguo. Alivaa sare yake ya zamani, amenyoosha kola kwa pasi. Tulikubaliana kwamba mimi nitauliza maswali kwa Kiswahili, yeye ajibu bila ya kukatizwa, na tafsiri ya majibu nitaiandika baadaye. Alizungumza karibu saa nzima. Alieleza vyombo, mawimbi, taa za kandili, ukosefu wa dawa. Mwisho mwongozaji akaniomba nimuulize kama kuna mama mmoja mzazi anayemkumbuka kuliko wengine.

Bi Nesi aliitazama kamera, hakunitazama mimi.

"Yuko," alisema. "Alitoka Kojani. Simsahau hata siku moja. Alizaa chomboni, mumewe akamleta, yeye na mtoto. Mimi nlikuwa zamu peke yangu, lakini nlikuwa nimefunga kituo nimekwenda nyumba ya jirani kutazama picha. Wakati ule deki ya video ilikuwa moja tu pale kijijini. Ilikuwa picha ya kutisha. Mfanya usafi wa kituo akaja mbio kuniita, akasema kuna mzazi kibarazani, anatoka damu. Nkamwambia wangoje, nakuja, imebaki kidogo. Nkakaa mpaka ikaisha. Funguo nlikuwa nazo mimi. Sindano ya kuzuia damu ilikuwamo kabatini. Nlipofika nlimkuta bado yuhai, lakini ilikuwa basi tena. Daftarini nliandika kwamba alichelewa kufikishwa. Hakuchelewa. Nlochelewa ni mimi. Yule mfanya usafi alinyamaza, na sasa keshakufa. Hapana mwingine anayejua."

Mpiga picha aliendelea kushika kamera yake. Wageni wale hawakufahamu neno. Mwongozaji aliniuliza kwa macho, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anamkumbuka mama mmoja aliyefariki, na kwamba ni jambo zito. Mwongozaji akaweka mkono kifuani. Bi Nesi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sare, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mtungi.

Siku tatu zilizofuata nilikaa katika nyumba ya wageni waliyofikia, nikitafsiri. Yote niliyatafsiri vizuri. Nilipofika hapo nikasimama. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. Kisha nikaandika hivi: kulikuwa na mama aliyetoka Kojani, alizaa chomboni, alifika amechelewa, sikuweza kumwokoa, simsahau hata siku moja.

Mwongozaji alilinganisha karatasi na sauti kwenye mashine yake. "Mbona hapa amezungumza muda mrefu?"

"Anarudia," nikasema. "Ni mtu mzima."

Sababu nilizojipa zilikuwa nyingi. Nilisema watamfunga. Nilisema Chake mji mdogo, watu watamla nyama mzima mzima. Nilikumbuka mguu wa mama. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo dogo la aibu, kwamba ni mimi niliyemleta na kumsifu.

Picha ilionyeshwa katika ukumbi mmoja hapo Chake, asubuhi, kwa waalikwa. Bi Nesi aliwekwa safu ya mbele. Ilikuwa nzuri, sitasema vingine. Ilianza kwa bahari na vinanda. Ikafika sehemu yake: uso wake ukajaa ukuta mzima, akasema, "Yuko. Alitoka Kojani. Simsahau hata siku moja." Hapo wakakata. Ikaja bahari tena, na muziki, na mashua tupu. Watu wakapiga makofi, wanawake wengine wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, namwona kisogo chake tu. Hakikutikisika.

Taa zilipowashwa, mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka thelathini hivi alipita katikati ya viti mpaka mbele. Watu wa makala walikuwa wamemtafuta Kojani kwa makusudi, wakamweleza waliyoyasoma katika tafsiri yangu. Ndiye yule mtoto aliyezaliwa chomboni. Aliinama, akaushika mkono wa Bi Nesi kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Ahsante, mama," alisema. "Nimesikia kwamba ulijitahidi."

Bi Nesi aliuvuta mkono wake taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye maji ya moto bila ya kutaka wengine wajue kwamba ameungua.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa uani anaosha sufuria.

"Shikamoo, Bi Nesi."

"Marahaba. Kaa." Aliendelea kusugua. "Yale maneno ya Kiingereza yaliyopita chini kaandika nani?"

"Mimi."

"Yote nlosema uliyaandika?"

Nikasema sikuyaandika.

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

"Hukunionea huruma mimi," alisema. "Ulijionea wewe. Hukutaka kuwa na jirani wa namna hiyo." Alipindua sufuria akaiegemeza ukutani. "Picha yenyewe imepigwa vizuri. Bahari imetoka. Muziki mwingi. Lakini nimetazama picha za uwongo maisha yangu yote, na waliomo ndani wote wanajua kwamba wanaigiza. Mimi mmenitia bila ya kuniambia."

Hakunifukuza. Aliingia ndani tu, nami nikabaki na bomba linalodondosha maji. Ijumaa ile sikwenda, na iliyofuata pia sikwenda. Ramadhani ikaja ikapita. Nikimsalimia njiani aliitikia, kwa sababu alikuwa mtu wa kuitikia salamu, lakini hakusimama.

Siku moja ya Alkhamisi alikuja yeye mwenyewe kwangu. Alikuwa amepungua, buibui limemlegea mabegani.

"Jumamosi tunakwenda Kojani," alisema. "Mimi na wewe."

Tulipanda gari la abiria mpaka pwani ya mashariki, kisha tukavuka kwa mashua pamoja na magunia ya unga na wanawake waliotoka kuchota maji. Njia nzima alishika ubao wa mashua, hakuzungumza. Kojani nyumba zimebanana, unapita ubavu ubavu. Hatukuuliza sana. Kila mtu aliijua nyumba ya yule aliyetokea kwenye picha.

Tulimkuta anaanika dagaa juu ya wavu, nyuma ya nyumba. Alifurahi. Alitaka kuleta viti, kutuma mtu akanunue soda.

"Karibu, mama. Karibuni."

"Usiniite mama kwanza," alisema Bi Nesi. Alikataa kiti. Alisimama juani akaeleza yote, kwa maneno yale yale aliyoyasema mbele ya kamera, bila ya kulia na bila ya kuomba kitu. Picha, mfanya usafi, imebaki kidogo, funguo, kabati, daftari.

Mikono ya yule mwanamke iliendelea kutandaza dagaa. Kisha ikasimama.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" aliuliza.

"Umefungwa."

"Baba alikuwa akisema hivyo. Mpaka anakufa anasema, tulikuta pamefungwa, tukakaa kibarazani." Alizungumza polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Nliporudi kutoka kule Chake, nliwaita ndugu zangu, nkawaambia baba alikosea. Nkasema nesi mwenyewe nimemwona, ni mtu mwema, mama ndiye aliyechelewa. Nkawaambia baba alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu." Akamtazama Bi Nesi. "Mbona kwenye picha hukusema?"

Bi Nesi alifumba mdomo. Hakunitazama, wala hakunionyesha kidole. Nikafahamu kwa nini nimeletwa.

"Alisema," nikasema. "Alisema yote. Mimi ndiye niliyetafsiri, nikayaacha."

Yule mwanamke alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile, na picha zote za kutisha nilizoziona hazikuniandaa kwa macho yale, ambayo hayakuwa na hasira wala machozi. Yalikuwa yananisoma ili yanikumbuke. Kisha akamgeukia Bi Nesi.

"Mama alisema kitu?"

"Aliuliza mtoto ni mwanamke au mwanamume. Nkamwambia mwanamke. Akasema mpeni baba yake ambebe."

Kuku walikuwa wanausogelea wavu. Hakuwafukuza. Alibaki amesimama, mikono yake ina magamba ya dagaa, haishiki kitu. Mwishowe alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nendeni. Maji yanatoka, mkichelewa chombo kitakwama."

Hakutusindikiza. Tulivuka, na upande wa pili mashua ikasimama mbali kidogo na mchanga. Niliteremka majini kwanza, nikamnyoshea Bi Nesi mkono. Aliutazama, akakusanya buibui lake, akashuka mwenyewe.

"Mimi langu nimelisema. Wewe bado," aliniambia.

Usiku sikulala. Asubuhi nilikaa mezani nikayatafsiri maneno yake yote, neno kwa neno, nikaeleza nilichokifanya, nikampelekea mwongozaji. Alijibu baada ya wiki mbili, kwa adabu. Alisema amesikitika sana, lakini filamu imekwisha kukamilika na imeshaanza kuonyeshwa nchi nyingine. Nilichapisha jibu lake nikalipeleka kwa Bi Nesi. Majirani wakaniambia kwamba amehamia Wambaa, kwa mdogo wake, na hakuacha salamu kwa mtu. Nilikunja karatasi ile, nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika barua ya pili, hii kwa Kiswahili, kwa ndugu wote wa yule mwanamke wa Kojani, kuwaambia kwamba baba yao alikuwa anasema kweli.